Ngoma ya ibada ina breki

"Dufu si ngoma." Kaa na wasomaji wa maulidi, maneno hayo utayasikia. Mgeni hudhani ni mzaha, maana macho yake yanaona ngozi iliyowambwa na mikono inayoipiga. Ila Kiswahili kimelibebesha neno ngoma mambo matatu kwa pamoja: chombo, mchezo, na ule mkusanyiko wenyewe. Anayesema dufu si ngoma hakikatai chombo. Anayakataa yale mawili mengine.

Msimamo huo una mizizi kwenye fiqhi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameandika katika Minhaj, kitabu ambacho Mashafii wamekitegemea kwa karne nyingi, kwamba dufu linafaa harusini na kwenye tohara, na kwa kauli iliyo sahihi zaidi hata katika furaha nyingine, hata likiwa na njuga. Papo hapo akaiharamisha kuba, ngoma ndefu iliyo nyembamba katikati. Kucheza hakukuharamisha, isipokuwa kule kujinyonganyonga kwa madaha. Filimbi ya tete ikawa na mgogoro: Rafii aliyemtangulia aliiruhusu, Nawawi akasema kauli sahihi zaidi ni uharamu. Tazama miaka. Jalaluddin Rumi, mshairi wa Kisufi, alifariki Konya, Uturuki ya leo, tarehe 17 Desemba 1273, miaka minne tu kabla ya Nawawi, na tarika, yaani njia ya Kisufi, iliyoanzishwa kwa jina lake iliifanya filimbi ya tete, yaani nay, kuwa moyo wa ibada yake. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mafaqihi nao hawakuwa nje ya methali hiyo.

Mjadala wa halali na haramu umeandikwa sana, sitaurefusha. Kinachozungumzwa kidogo ni breki. Kila njia ya ibada iliyouruhusu mwili uingie imeweka mtu, kanuni au pigo la kuusimamisha. Watazamaji hukodolea macho msisimko. Mjuzi huangalia nani ana mamlaka ya kufunga, na anafungaje.

Tuanze na dufu lenyewe, kwa sababu matatizo mengi ya halka, yaani kikao cha zikri, huanzia kwenye ngozi. Ngozi ya mbuzi hunywa unyevu. Usiku wa umande dufu lililolia vizuri saa mbili hulegea kufikia saa tatu, likatoa mlio mzito usio na ncha. Dawa ni moto: lizungushe mbele ya makaa, uso wa ngozi ukielekea joto, usilishike mahali pamoja, na kila baada ya muda ligonge karibu na ukingo usikie limefika wapi. Likizidi, ngozi huvutika hadi ikapasuka kwenye misumari, au ukingo wa mbao ukapinda. Ndiyo maana kikundi makini huwa na madufu ya akiba karibu na moto, yakibadilishana na yanayopigwa. Kikundi kisicho na akiba hufanya kosa moja: ngozi ikilegea, mikono huongeza nguvu, nguvu huongeza kasi, na kasida inamkimbia msomaji. Watu husema "wamepandisha mori", kumbe ni unyevu.

Katika maulidi ya homu ya Zanzibar, ambayo asili yake inahusishwa na tarika ya Rifaiyya, waitikiaji hupanga safu bega kwa bega, wakiwa wamepiga magoti. Huinama, huinuka na kuegemea upande mmoja na mwingine kama wimbi linalopita juu ya maji, huku wapiga matari na wasomaji wakiwa mbele yao. Wimbi hilo hukatika kwa sababu moja inayojirudia: mtu anamfuata jirani kwa macho. Jirani ameshachelewa kidogo, wa pili anachelewa zaidi, na mwisho wa safu kichwa kinainama wakati wengine wanainuka. Kinachofuatwa ni tari na silabi ya kasida, siyo bega. Macho huteremshwa chini, na hiyo ni adabu na ni ufundi kwa wakati mmoja.

Zikri ya kusimama ni kazi ya pumzi. Tarika mbili zilizoenea sana Afrika Mashariki, Qadiriyya iliyosambazwa na Sheikh Uways al-Barawi (1847–1909) na Shadhiliyya iliyosambazwa na Sheikh Muhammad Maaruf wa Komoro, zina tofauti zake, lakini mfumo unafanana. Halka husimama kwa duara au kwa safu zinazotazamana, mikono imeshikana. Huanza na kalima nzima, taratibu, kisha jina la Mwenyezi Mungu peke yake, kisha matamko mafupi kama "Hayy" au "Hu", hadi sauti inabaki pumzi tupu inayotoka kifuani na kooni. Zikri ya Qadiriyya ya namna hiyo imeitwa kukohoa, na wengine hulitamka neno hilo kwa kejeli. Mwili huinama pumzi inapotoka na kunyooka inapoingia. Juu ya mdundo huo msomaji mmoja huelea na kasida, akifuata lahani ya halka, na hapo ndipo sikio zuri hutambulika, kwa sababu halka ikipandisha sauti naye lazima apande nayo pasipo kukata beti.

Anayeshika breki ni khalifa, msimamizi wa halka. Husimama katikati au hutembea ndani ya duara. Mkono wake ukipanda, kasi huongezeka. Kofi moja au tamko lililovutwa kwa sauti hubadilisha hatua. Na kufunga hufanywa kwa kusema kwa pamoja "Muhammadun Rasulullah", kisha kimya, kisha dua. Khalifa dhaifu hujulikana kwa jambo moja: anaacha vijana wenye vifua vya nguvu wampandishie kasi kabla hajaitoa yeye.

Sasa ubaya wa kasi. Mtu akipumua haraka na kwa kina kupita mahitaji ya mwili, huitoa hewa ukaa nyingi mno kwenye damu. Ikipungua, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hubana, na mtu huona wepesi kichwani, ganzi vidoleni na kuzunguka midomo, wakati mwingine vidole hukakamaa. Hiyo ni fiziolojia, na itampata hata asiyetaja neno lolote. Mwenye kuichukulia ganzi ya midomo kuwa ni karama amejidanganya, na masheikh wa zamani walilijua hilo kwa njia yao. Abdulwahhab ash-Sha'rani, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 1565, amehesabu adabu 20 za zikri: 5 kabla, 12 ndani yake, na 3 baada yake. Zile 3 za mwisho ni kutulia kimya kwa unyenyekevu, kuizuia pumzi mara kadhaa, na kutokunywa maji upesi. Hiyo ya pili inastahili kuangaliwa. Kuzuia pumzi ndiko kunakoirudisha hewa ukaa kwenye damu na kuufungua ubongo. Wao waliieleza kwa lugha ya nuru na joto la moyo, na mwili unafaidika vilevile. Halka nyingi leo zinashika adabu za kabla, zinajitahidi na za katikati, na zinazitupa hizi 3: zikri ikifungwa tu, gumzo linaanza na chupa za maji baridi zinazunguka.

Twende Konya, kwenye samaa ya Mevlevi, ile tarika ya Rumi, ambayo Waturuki huiita sema. (Halina undugu na kitenzi chetu cha kusema, asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kusikiliza.) Hii ndiyo ngoma ya ibada iliyopigwa picha kuliko zote na iliyoeleweka kidogo kuliko nyingi. Rumi hakuipanga. Aliyeijenga tarika ni mwanawe Sultan Veled, aliyefariki 1312, na utaratibu ukakamilika karne kadhaa baadaye.

Mavazi yanasomwa kama maandishi. Kofia ndefu ya sufi iliyoshindiliwa, sikke, ni jiwe la kaburi la nafsi. Joho jeusi, hirka, ni kaburi lenyewe. Kanzu nyeupe yenye sketi pana, tennure, ni sanda. Pindo lake hutiwa uzito ili mzunguko uifungue sketi kama mwavuli na kuishikilia pale. Pindo jepesi hupepea na kumpiga mwenzio. Sheikh hukaa juu ya ngozi ya kondoo iliyotiwa rangi nyekundu, na kutoka hapo hadi mlangoni pana mstari wa kuwaza tu, haukuchorwa, ambao hakuna anayeukanyaga ila yeye.

Kabla ya hayo yote kuna mafunzo. Zamani aliyetaka kuingia tarika alikalishwa siku 3 jikoni kwenye ngozi karibu na mlango, akitazama kazi inavyofanywa. Akikubali, alianza siku 1001 za kutumika, zikiwa na kazi 18, nyingi zikiwa za jiko na usafi. Kuzunguka alifundishwa humohumo jikoni, kwenye ubao laini wenye msumari wa kichwa cha mviringo katikati. Msumari huingia kati ya kidole gumba na cha pili cha mguu wa kushoto, na ubao hunyunyiziwa chumvi ili unyayo uteleze bila kuchubuka. Mguu wa kushoto huitwa nguzo, wa kulia huitwa gurudumu. Nguzo haiondoki chini. Gurudumu huinuliwa, huvuka mbele ya nguzo na kutua upande wa pili, na mwili hugeuka kuelekea kushoto, upande wa moyo, kinyume cha mshale wa saa. Kila mzunguko hubeba jina la Mwenyezi Mungu kimoyomoyo.

Mwanafunzi huanza kwa nusu mzunguko, mikono imepishana juu ya mabega. Mikono ikifunguliwa mapema kabla nguzo haijakaa, mwili huyumba kwa sababu uzito umesogezwa mbali na mhimili. Kosa la pili ni kuinua kisigino cha kushoto. Kila kikiinuka, mzungukaji husogea kidogo asikokusudia, na baada ya mizunguko mingi amemkaribia mwenziwe. La tatu ni kulirusha gurudumu mbali. Hatua huwa pana, kichwa huanza kupanda na kushuka, na ulinganifu umekwisha. Kichwa huinamishwa kidogo upande wa kulia. Kiganja cha kulia hutazama juu kupokea, cha kushoto hutazama chini kutoa.

Na kizunguzungu? Ndani ya sikio mna mifereji yenye majimaji. Ukianza kuzunguka, majimaji hubaki nyuma na kupinda vinyweleo vinavyoujulisha ubongo kwamba unageuka. Kasi ikiwa moja, majimaji hulingana na mwili, na hisia ya kuzunguka hufifia ndani ya nusu dakika hivi. Adui, basi, ni kubadilika kwa kasi, hasa kusimama: mwili umetulia, majimaji bado yanakwenda. Mazoezi ya miaka huufundisha ubongo kuipuuza taarifa hiyo. Macho nayo yana kazi: mzungukaji hayakazi kwenye ukuta, huyaacha yalegee kuelekea kidole gumba cha kushoto, kitu pekee kisichokimbia mbele yake. Anayetafuta nyuso za watazamaji hutapika.

Ibada huanza kwa sifa za Mtume, utunzi unaohusishwa na Itri, mtunzi wa zama za Waothmani. Kisha pigo la kudüm, yaani ngoma mbili ndogo za shaba, linalowakilisha amri "Kuwa". Kisha nay peke yake. Nay ni tete lenye vipande 9 na matundu 7, 6 mbele na 1 nyuma; hupakwa mafuta ndani kwa sababu ukavu hulipasua, na tete lililopasuka halina matengenezo ya maana. Baada yake wanatembea duru 3 wakisalimiana kwa kuinamiana, kila mmoja na aliye nyuma yake, mbele ya ngozi ya sheikh. Hapo ndipo majoho huvuliwa na salamu 4, yaani sehemu nne za kuzunguka, kuanza.

Msikilizaji mwenye masikio anaweza kuzijua salamu akiwa amefumba macho. Ya kwanza kwa kawaida huenda kwa mzunguko wa mapigo 14. Ya pili, 9. Ya tatu ndiyo ndefu na ndiyo inayopanda: huanza kwa mapigo 28, ikaja 10, ikamalizia kwa 6 ya haraka. Ya nne inarudi kwenye 9. Umeona breki ilipo? Mtunzi yeyote wa tamasha angemalizia kwenye kile kilele cha 6. Mevlevi wanamshusha mtu kwanza, na ni katika salamu hiyo ya nne ndipo sheikh mwenyewe huingia, akizunguka polepole na joho lake mwilini.

Breki nyingine iko kati ya salamu. Muziki ukikoma, wazungukaji husimama, hupishanisha mikono, huinama, na husogea pembeni wawili wawili au watatu watatu, mabega yakiegemeana. Inapendeza kwa macho, nayo ni mahali pa kushikilia wakati majimaji ya sikio yanatulia. Anayesimamia, semazenbashi, hutembea kati yao kwa utulivu, akiwapanga kwa jicho na kwa jinsi anavyoweka mguu, bila neno. Mwisho kabisa, nay ikishalia peke yake, msomaji huanza Qurani, mara nyingi aya ya 115 ya Sura al-Baqara: mashariki na magharibi ni za Mwenyezi Mungu, popote mnapoelekea uso wake upo. Neno la kwanza likisikika, wote husimama papo hapo na kuketi, na wenzao huwafunika majoho. Hakuna pigo la kufungia wala mbwembwe.

Mwaka 1925 sheria namba 677 ya Uturuki ilifunga nyumba za tarika. Samaa ilipoanza kuruhusiwa tena hadharani Konya katika miaka ya 1950, iliruhusiwa kama kumbukumbu ya Rumi, siyo kama ibada, na mwaka 2008 ikawekwa kwenye orodha ya UNESCO. Zile siku 1001 hazikurudi pamoja nayo. Wanaozunguka Cairo kwa sketi za rangi nyingi, tanura, wanafanya kitu kingine: wanazivua sketi na kuzirusha juu ya vichwa, ni mabingwa wa mhimili, na wanastahili makofi yao. Kuwaita wote kwa jina moja ndiko kunakonikera.

Qawali, uimbaji wa ibada wa tarika ya Chishti ya India, ina breki iliyogeuzwa: hapa msikilizaji ndiye anayeishika. Kwenye kaburi la Nizamuddin Auliya huko Delhi, aliyefariki 1325 mwaka mmoja na mwanafunzi wake Amir Khusrau, kikundi hukaa kuelekea kaburi, kiongozi na hamoniamu mbele, waitikiaji wakipiga makofi nyuma, ngoma ya mikono ikishika mwendo. Kiongozi huimba huku akisoma nyuso. Mstari ukimgusa mtu, haendi mbele. Anaurudia huohuo, kisha nusu yake, kisha neno moja tu, mpaka hali ya yule mtu ishuke yenyewe. Akisimama kwa wajdi, yaani kwa kuzidiwa na hali hiyo, mkuu wa majlisi husimama naye, na wote husimama. Kukata mstari wakati huo ni kosa kubwa kuliko kuimba nje ya sauti. Masimulizi ya Wachishti husema Qutbuddin Bakhtiyar Kaki alifariki mwaka 1235 akiwa katika hali iliyoletwa na beti moja aliyorudiwa kwa siku kadhaa. Sasa mweke mwimbaji huyo kwenye jukwaa lenye taa machoni. Nyuso hazioni. Anachorudia kinarudiwa kwa sababu watu wanapiga kelele, na qawali inageuka mashindano ya kasi.

Gnawa wa Moroko wanafanana nao kuliko inavyodhaniwa. Lila, ibada yao ya usiku ya kupandwa na roho, hupangwa kwa rangi, kila rangi na nyimbo, kitambaa na ubani wake. Gambri ya nyuzi 3 huongoza, makarakaba ya chuma hufuata, na aliyepandwa haachwi katikati, wimbo wake hurudiwa hadi atosheke. Katika Candomblé, dini ya Brazil yenye asili ya Afrika, kuna ekedi, mwanamke ambaye yeye mwenyewe hapandwi: kazi yake ni kumshika aliyepandwa asianguke, kumfuta jasho na kumwongoza. Ngoma ni 3, na ile kubwa, rum, ndiyo inayosemezana na miguu ya anayecheza.

Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia limeweka breki kwenye ngazi za mafunzo. Mapokeo yanampa Mtakatifu Yared wa karne ya 6 lahani zake 3: Geez, Ezel na Araray. Wimbo uleule huimbwa kwanza kwa sauti tupu. Kisha fimbo za sala huyumba kwa pamoja. Ndipo ngoma kubwa, kebero, inaingia taratibu pamoja na njuga za mkononi. Kasi na makofi vinakuja mwisho. Kuruka ngazi hakuruhusiwi, na debtera, mwimbaji msomi wa kanisa, hutumia miaka mingi kabla ya kukabidhiwa ngoma. Shakers, dhehebu la Kikristo la Marekani, walianza upande wa pili kabisa: watetemekaji wasio na mpangilio, kila mmoja na Roho wake. Mwishoni mwa miaka ya 1780 kiongozi wao Joseph Meacham aliwapanga mistari, wanaume upande huu na wanawake ule, hatua mbele, hatua nyuma, wakiburuza miguu kwa pamoja. Wengine wangesema aliua msisimko. Nadhani aliiwezesha ngoma ile iishi muda mrefu baada yake.

Junaid wa Baghdad, aliyefariki 910, alishurutisha samaa kwa mambo matatu: zamani, makani, ikhwani. Wakati, mahali, na wenzi. Ghazali akayarudia na kuyafafanua. Jukwaa linaweza kuazima lahani, mavazi na hata wazungukaji wenyewe, lakini haya matatu halina pa kuyapata, na kwa hiyo breki zote nilizozitaja zinahamia kwa fundi wa taa anayejua onyesho linaisha saa ngapi.

Ukialikwa kwenye samaa iliyo ibada, fika kabla ya sifa za Mtume, kwa sababu baada ya hapo mlango haufunguliwi kwa adabu. Simu izimwe kabisa. Mwanga wa skrini ndani ya ukumbi hafifu huvuta jicho la anayezunguka. Usipige makofi, hata baada ya "Hu" ya mwisho. Na ukipita ukumbini kabla au baada, uliza ngozi nyekundu huwekwa upande gani, kisha zunguka pembeni hata kama kukatiza katikati ni karibu zaidi.